Redio, Mashine na Posta

Sogeeni karibu. Aliyechoka na aegemee ukuta, wala asione haya, maana hii ni hadithi ya watu waliochoka. Ninaomba kitu kimoja tu: usichague upande mapema. Nitakuuliza mwishoni, na hapo utakuwa na nafasi ya kutosha.

Katika milima ya Umatengo, ambako asubuhi ukungu hulala mabondeni mpaka jua lichoke kuusukuma, palikuwa na kiwanda cha kukoboa kahawa. Kahawa ikitoka kwenye mashine haiwi tayari bado. Humwagwa juu ya meza ndefu, na wanawake hukaa pande zote mbili wakiichambua kwa vidole. Nyeusi huku, iliyovunjika huku, iliyotobolewa na mdudu huku, na nzima huingia kwenye gunia. Kazi yenyewe si nzito. Hata mtoto anaweza kuifanya kidogo huku anacheka. Lakini ifanye kutwa, na kesho tena, na keshokutwa, utaona shingo inavyogeuka mbao, na macho yanavyoendelea kuona punje hata ukiyafumba.

Kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, walikaa wanawake watatu ambao wenzao waliwapa majina ya utani.

Wa kwanza ni Otilia Ndunguru, aliyeitwa Redio. Kipaji chake kilikuwa sauti. Si sauti ya kuimba, kwani kwenye kwaya walimweka mstari wa nyuma wakamwomba asikaze sana. Ilikuwa sauti ya kusoma. Akisoma maneno ya mfalme, unamwona mfalme. Akisoma maneno ya mbuzi, unainama kumtafuta mbuzi chini ya meza.

Wa pili ni Kresensia Hyera, aliyeitwa Mashine. Kipaji chake kilikuwa vidole. Nywele zake zilikwisha kuingia mvi, lakini vidole vyake vilitembea juu ya kahawa kama mvua ya rasharasha, na punje mbovu haikupita. Shule hakuiona. Alipokuwa msichana alibaki nyumbani kulea wadogo zake. "Herufi naziona kama punje tu," alizoea kusema. "Ila sijui zipi nizitupe."

Wa tatu, na mdogo wao, ni Walburga Kapinga, aliyeitwa Posta. Kipaji chake kilikuwa miguu na kichwa. Kwao kulikuwa juu kabisa kilimani, na alishuka na kupanda kila siku. Ukimtuma maneno, yalifika kama yalivyotoka, pamoja na kikohozi chako.

Jirani ya kina Walburga aliishi Mama Gaudensia, mpishi mstaafu wa nyumba ya wageni ya misheni. Chini ya kitanda chake lilikuwamo sanduku, na ndani ya sanduku vilikuwamo vitabu vya mwandishi mmoja tu, Tumsifu Malekano, yule wa hadithi za ajabu, za milima inayohama na mito inayosema. Kila alipokwenda Songea alinunua kimoja na kukificha chini ya maharage, kwa sababu marehemu mumewe alisema mwanamke mzima anayesoma habari za majini anayaalika nyumbani. Sasa mume hakuwapo tena, wala majini hayakuja. Kilichokuja ni mtoto wa jicho. Mama Gaudensia aliviona vitabu vyake kama mtu anavyoona nyumba ng'ambo ya ukungu. Wajukuu walijaribu kumsomea, lakini walisoma kama watu wanaofukuzwa na mbwa.

Walburga alipoomba kuazima kimoja, bibi huyo alimwambia, "Vitabu vyangu havikodishwi kwa hela. Ukirudisha, unakaa hapo kwenye mkeka, unanisimulia chote. Ukiruka kipande nitajua, na kingine hupati."

Basi Posta alishuka nacho kiwandani, kimefungwa kwenye kanga. Kiliitwa *Mitungi ya Usingizi*.

Humo palikuwa na malkia aliyepita nyumba hadi nyumba akikusanya usingizi wa watu na kuufungia katika mitungi, mpaka nchi nzima ikabaki macho, watu wakifanya kazi bila kulaza kichwa. Binti mmoja, Sihaba, aliondoka kwenda kuuiba usingizi wa mama yake. Wewe fikiri jinsi wale wanawake wa mezani walivyoipokea hadithi hiyo.

"Huyo malkia namjua," alisema mmoja. "Alipita kwangu jana."

"Kwangu hajaondoka. Analala na mume wangu, mimi niko jikoni."

"Redio, ongeza sauti!"

Walburga naye alitangaza kwamba yeye angeolewa hata kesho na mtu mwenye akili kama ya mwandishi huyo, na tangu siku hiyo mezani hapo Tumsifu Malekano hakuitwa tena kwa jina lake. Aliitwa Shemeji.

Lakini mtu hawezi kushika kitabu na kuchambua kahawa kwa wakati mmoja. Rundo la Otilia lilibaki mbele yake kama lilivyomwagwa. Kresensia akalivuta kwa kiganja, akaliunganisha na lake. Tangu asubuhi hiyo alichambua ya watu wawili.

Msimamizi, Bwana Mbunda, alisimama nyuma yao siku hiyo kwa muda mrefu. Otilia akakishusha kitabu mapajani.

"Endeleeni kusoma," alisema. "Lakini nikifungua gunia la meza hii nikakuta punje mbovu, kitabu kinahamia ofisini kwangu, na hakitoki."

Sasa nikueleze jinsi kila mmoja alivyobeba mzigo wake mpaka kitabu kikaisha. Sikiliza vizuri, maana ndipo penye swali.

Kulikuwa na ile sura Sihaba anapoingia ghalani mwa malkia. Giza, mitungi imepangwa mpaka darini, naye anapapasa akitafuta wa mama yake. Huu siyo. Huu siyo. Huu! Otilia alisoma taratibu, na mikono ya meza nzima ikaingia ghalani pamoja na Sihaba. Wanawake walikuwa wanaokota punje nzima na kuzitupa, wakiokota nyeusi na kuzitia kwenye gunia, na hakuna aliyejua. Kresensia ndiye aliyetazama chini.

"Jamani! Mnafanya nini?"

Gunia lilikuwa limebaki kushonwa tu. Akalimwaga lote juu ya meza. Wenzake walipokwenda kula, yeye alikula muhogo wake amesimama, mkono wa kushoto mdomoni, wa kulia kwenye kahawa. Walipoondoka jioni alikuwa bado ameinama. Kesho yake Bwana Mbunda alilifungua gunia hilo hilo, akachota hapa, akachota pale, akalifunga.

"Dada, mbona wewe mikono yako haikupotea?" Walburga alimwuliza.

"Mimi nasikiliza kwa masikio," Kresensia alisema, akikunja na kukunjua vidole vilivyopasuka ncha. "Nyie mnasikilizia mikononi."

Na kulikuwa na sauti ya Otilia. Kahawa ina vumbi jepesi linalopanda kooni na kukaa. Anayenyamaza halimsumbui sana, lakini anayesoma kutwa hulimeza. Kwanza sauti ilikwaruza, kisha ikakatika katikati ya maneno. Alisukutua maji ya moto na chumvi, akaendelea. Mwishowe ilibaki pumzi tu, na kwa pumzi hiyo akasoma, na meza nzima ikainama kumwelekea kama mahindi kwenye upepo. Hakuruka ukurasa. Nyumbani alikuwa akiwaita watoto wake kwa kupiga makofi. Binti yake mdogo alimtazama jioni moja akauliza, "Mama, umetukasirikia?" Otilia alitikisa kichwa, akamvuta, akamweka mapajani. Maneno ya siku hiyo alikuwa ameyamaliza mezani.

Kisha kukawa na Jumapili ya Walburga. Wenzake walikuwa wamelala majumbani. Yeye alikwenda jirani na kitabu, akaketi kwenye mkeka wa Mama Gaudensia, akaanza kulipa. Alisimulia asubuhi, akasimulia chai ikipoa, akasimulia kuku wakiingia na kutoka. Alipofika ghalani kwa malkia, kichwa kikamwanguka kifuani.

Fimbo ilimgusa gotini. "Binti! Unalala katikati ya mitungi?"

"Samahani, Mama. Malkia kanirudishia wangu kidogo."

Bibi alicheka mpaka akafuta macho. "Haya. Tulikuwa wapi?"

"Mguu wa Sihaba wa kulia uko kizingitini, wa kushoto bado nje, na yule paka anamtazama."

Akaendelea kutoka hapo hapo mpaka mwisho. Mama Gaudensia akasema, "Hujaruka kitu. Hata paka hukumsahau."

Kwa hiyo kitabu kilikwisha, na deni la kusimulia likalipwa. Lakini siku hiyo hiyo bibi alimpa Walburga habari. Binti yake wa Songea alikuwa anakuja kumchukua wakati wa Krismasi ili akaishi naye huko moja kwa moja, na sanduku litakwenda naye. Kiwandani nako kahawa ilikuwa inakwisha. Rundo la kahawa katika ghala la kiwanda, lililokuwa linagusa mabati, sasa lilionyesha ukuta wa nyuma. Likiisha, kila mwanamke atarudi kwake mpaka msimu mwingine, na msimu mwingine Mama Gaudensia hatakuwapo.

"Imebaki nafasi ya kitabu kimoja," bibi alisema. "Na vya Malekano msivyovisoma ninavyo vitatu. Njooni wote, niwajue. Ila atakayechagua awe mmoja, yule mwenye haki kuliko wenzake. Sitaki kitabu kilichochaguliwa na kamati."

Jumapili iliyofuata walipanda. Walipanda polepole. Kresensia alikaa juu ya jiwe mara kwa mara akisingizia kutazama mashamba. Otilia alitembea amejifunga kitambaa shingoni. Walburga, aliyeshuka kuwachukua, ingawa alizoea mlima, siku hiyo naye alikuwa nyuma.

Mama Gaudensia alivitandaza vitabu kwenye mkeka akivijua kwa kuvipapasa. Kimoja kinene. Kimoja chembamba. Cha tatu kilikuwa kigumu mgongoni, jalada halijawahi kukunjwa.

"Hiki kinene ni *Mlango wa Alfajiri*," alisema. "Kinaanzia pale Sihaba mlipomwacha. Chembamba ni *Soko la Vivuli*, watu wengine kabisa, nchi nyingine. Na hiki kipya ni *Malkia Alipokuwa Mtoto*. Hapo Malekano anaeleza yule mwanamke alivyoanza. Haya. Nani anachagua?"

Kresensia hakungoja. "Mimi nataka kinene. Tumemwacha yule mtoto mlangoni, mtungi wa mama yake kwapani, na hatua za askari zinakuja. Nikipika nipo naye mlangoni. Nikisali nipo naye mlangoni. Ninyi mnajua kusoma. Siku moja mtakutana na kitabu hiki mahali, mtakifungua. Mimi nisipokisikia sasa, nitazeeka nimesimama pale."

Otilia alisogea karibu ili asikike. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayefagia. "Dada, kinene kitanifia katikati. Nakijua koo langu. Mimi nachagua chembamba, nikimalize. Unataka umwache Sihaba mlangoni, au unataka umwache katikati ya njia?"

"Utapona."

"Kwa vumbi lile? Nitapona kahawa ikiisha. Na ikiisha, nani atakuwa mezani kunisikiliza?"

Walburga alikuwa akitazama kile kitabu kisichokunjwa. "Mimi nachagua hiki," alisema. "Vile vingine Mama alivisoma macho yakiwa mazima. Hiki alikinunua, akafika nacho nyumbani, na herufi zikawa moshi. Hajui kilichomo. Mara zote nimekuja hapa kumsimulia anayoyajua. Nataka mara moja, kabla hajaondoka, nimsimulie asiyoyajua."

"Usinisingizie mimi," Mama Gaudensia alisema kwa ukali, ingawa mkono wake ulikuwa umekwisha kukifikia kitabu kile. "Mimi nitasikiliza chochote. Msichague kwa kunionea huruma."

"Si huruma, Mama. Ni mimi nataka."

Hapo maneno yakaanza kuchemka.

"Bila sauti yangu," Otilia alisema, "mngekuwa mnatazama picha ya jalada."

"Na bila mikono yangu ungesomea wapi?" Kresensia alijibu. "Barabarani, umefukuzwa kazi, unawasomea mbuzi."

"Jamani, na bila mimi?" Walburga alisema. "Kitabu kingekuwa chini ya kitanda mpaka leo. Na nisingekikumbuka chote, leo msingeitwa hapa kuchagua."

"Umekumbuka kwa sababu nilisoma vizuri."

"Umesoma kwa sababu nilichambua."

"Umechambua bila kulala kwa sababu ulikuwa unasikiliza! Msimu uliopita, kabla sijaleta kitabu, si ulikuwa unasinzia juu ya meza, Dada Mashine?"

Ilikuwa kweli. Wote watatu walicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na nguvu, kikafa.

"Shemeji angesemaje?" aliuliza Kresensia.

"Shemeji angesema tununue vyote," Walburga alisema.

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na kuingia kwenye migomba. Kesho ilikuwa Jumatatu, na meza ilikuwa inawangoja. Otilia aliegemea ukuta akafumba macho. Kresensia aliangalia vidole vyake.

"Basi," Otilia alisema kwa ile pumzi yake. "Achague Dada Kresensia. Nimechoka kubishana."

"Hapana, achague Walburga," Kresensia alisema. "Mimi pia nimechoka."

"Achague Otilia," Walburga alisema. "Mimi sina nguvu hata ya kushika kitabu."

Fimbo ya Mama Gaudensia iligonga sakafu. "Hapana! Mtu akipewa kwa sababu wenzake wamechoka, hajapewa. Ameachiwa. Mtatoka hapa, na kabla ya kulala mmoja wenu atakuwa anasema moyoni, kilikuwa changu. Nimesema achague mwenye haki. Niambieni ni nani."

Walitazamana. Otilia akamtazama Kresensia, akaona ncha za vidole zilizopasuka. Kresensia akamtazama Walburga, akaona vumbi la njia kwenye miguu yake. Walburga akamtazama Otilia, na kile kitambaa shingoni. Kila mmoja alijua anachostahili, na kila mmoja aliona pia anachostahili mwenzake, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kunyoosha mkono.

Mimi hadithi yangu inakaa hapo, kwenye mkeka, pamoja nao. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara watoto hunipa majibu. Mmoja aliniambia achague Otilia, kwa sababu hata kikichaguliwa kingine, koo ndilo litakalolipa. Mwenzake akamwuliza, na yule anayesikia tu, asiyeweza kufungua kitabu mwenyewe maisha yake yote, akose mwisho wa hadithi aliyoichambulia kahawa ya watu wawili? Wa tatu akasema, mbona mnamsahau aliyelipa deni la wote Jumapili yake ya kupumzika? Wakabishana mpaka kengele ikalia, wakatoka bado wanabishana.

Sasa zamu ni yako, wewe uliyeegemea ukuta. Ukungu umefika mlangoni, na bibi yule mwenye macho ya moshi amenyoosha mkono juu ya vitabu vitatu. Hawezi kuwaona wale wanawake. Anangoja aambiwe jina. Mwambie wewe: kati ya sauti, mikono na kumbukumbu, nani achukue haki ya kuchagua, na utawaambia nini wale wawili watakaokosa, ili watoke kwenye mkeka huo wakiwa bado marafiki?